Namba ya Kwenye Kifuniko Si Akiba

Swali ni lile lile, hubadilika mdomo tu. "Fundi, hii ni toleo maalumu, ina namba kwenye kifuniko. Nikiiweka sandukuni bila kuitia wino, baada ya miaka kumi itanipa kiasi gani?" Ameniuliza mwalimu wa Kamembe aliyetumiwa kalamu yenye sura ya Mickey Mouse na bintiye aliyeko Brussels. Ameniuliza kijana wa Bukavu aliyevuka daraja la Rusizi akiwa na kalamu ya Naruto, bado imo katika karatasi yake ya dukani. Ameniuliza pia karani wa Bugarama ambaye hata kalamu yenyewe hajainunua. Anataka kukopa ili ainunue. Huyo wa mwisho ndiye aliyenishikisha kalamu yangu mwenyewe. Imani ikishamfikisha mtu kwenye mkopo, haifai kuachwa iendelee kutembea.

Jibu langu ni hili. Kalamu ya wino yenye mhusika wa katuni, ikinunuliwa mpya dukani kwa bei ya toleo lenye kikomo, kwa kawaida huuzwa tena kwa bei iliyo chini ya ile uliyolipa. Zipo zilizopanda. Hizo ndizo zinazosimuliwa, kwa kuwa aliyepata hasara hakai barazani kuisimulia.

Imani yenyewe imejengwa kwa ngazi tatu. Zimetengenezwa chache, kwa hiyo ni adimu. Haijatumika, kwa hiyo thamani yake inakua. Mhusika anajulikana dunia nzima, kwa hiyo mnunuzi hatakosekana. Ukizisikia kwa haraka zinaingia akilini. Ukizikagua, hakuna hata moja inayobeba uzito.

Tuanze na uchache, maana hapo ndipo watu wanaponiletea ubishi mkubwa zaidi. Kuna mambo mawili ambayo wauzaji wengi hawajali yakichanganywa. Toleo maalumu ni kalamu yenye rangi au picha tofauti na ile ya kila siku, na kiwanda kinaweza kuendelea kuitoa maadamu inanunuliwa. Toleo lenye kikomo ni lile ambalo kiwanda kimetangaza idadi yake na kuichonga kwenye kila kalamu, kwa mfano 0456/1000. Nyingi ya kalamu za katuni zinazofika mezani kwangu ni za aina ya kwanza, na wenyewe hawakujua hadi nilipowaonyesha kwamba hakuna namba popote.

Lakini hata namba ikiwepo, uliza imetoka wapi. Montblanc, kampuni ya Hamburg, ilipomtolea Walt Disney kalamu katika mfululizo wake uitwao Great Characters, haikutoa kalamu moja tu. Lipo toleo maalumu, na lipo toleo lenye kikomo cha kalamu 1,901. Kwa nini 1,901? Kwa sababu Disney alizaliwa mwaka 1901. Kampuni hiyo hiyo ina desturi ya kutoa matoleo ya kalamu 4,810, kwa kuwa mlima Mont Blanc ulihesabiwa kuwa na kimo cha mita 4,810. Idadi hizo hazikuwekwa na upungufu wa resini, wala wa dhahabu, wala wa mafundi. Ziliwekwa na watu waliokaa mezani wakachagua tarakimu yenye hadithi nzuri. Uchache wa namna hiyo ni tangazo. Mtengenezaji ameamua asimame hapo, na mwakani anaweza kumtoa mhusika yule yule kwa rangi nyingine, kwa umbo jingine, kwa namba nyingine zinazoanza tena na moja, bila kuvunja ahadi yoyote aliyokupa.

Uchache wa kweli upo, na nauheshimu. Mafundi wa Japani wa sanaa iitwayo maki-e hupaka laki inayotokana na utomvu wa mti, wakanyunyizia unga wa dhahabu laki ikiwa mbichi, wakaiacha ikauke, wakaisugua, kisha wakarudia upya tabaka kwa tabaka. Kalamu moja inaweza kuchukua miezi. Namiki, jina ambalo leo kampuni ya Pilot hulitumia kwa kalamu za daraja hilo, iliingia mkataba na Dunhill ya London mwaka 1930, na kalamu za ushirika ule zinagombewa minadani hadi leo. Kikomo pale kiliwekwa na mikono na macho ya binadamu, na mafundi wale hawapo tena. Sasa chukua lenzi uitazame picha ya katuni iliyo kwenye kalamu yako. Ukiona vidoti vya rangi vilivyopangwa kwa safu, picha hiyo imepigwa chapa, na mashine iliyoipiga inaweza kupiga elfu nyingine kabla ya jioni. Ukiona chembe za unga wa dhahabu zilizoinuka juu ya laki, njoo tuzungumze lugha nyingine. Katika kalamu za katuni ninazoonyeshwa hapa wilayani Rusizi, nakutana na vidoti.

Kwa asiyeridhika bado, nina mfano unaokata mzizi. Mwaka 1992 Montblanc ilitoa kalamu ya Ernest Hemingway, kalamu za wino 20,000. Hiyo si idadi ndogo hata kidogo. Hata hivyo inatafutwa, na imepanda mbali sana na bei yake ya kwanza. Wakati huohuo kuna kalamu zenye mia chache tu duniani, zenye picha za kupendeza, zinazozunguka kwenye masoko ya mitumba na bei zake zikishushwa kila mara. Kama uchache ndio unaotengeneza bei, mambo yangekuwa kinyume. Hemingway ilipanda kwa sababu ilikuwa ya kwanza katika mfululizo wa waandishi, umbo lake lilifuata kalamu kubwa ya kampuni hiyo ya miaka ya 1930, na waliokuwa nayo walipenda kuandika nayo. Walioitaka walizidi waliokuwa tayari kuiachia. Bei hutoka hapo, na idadi iliyochongwa kwenye kifuniko haiwezi kukuambia watu wangapi wataitaka.

Kiwanda pia kinaweza kurudi nyuma. Parker mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na kalamu iliyozungukwa na nyoka wa madini, na zilizobaki za wakati ule ni hazina. Mwaka 1997 kampuni ilimrudisha nyoka wake, 5,000 za fedha na 250 za dhahabu. Za zamani hazikuwa na kikomo kilichotangazwa. Zilipungua kwa kutumika, kuvunjika na kupotea. Za 1997 zilizaliwa zikiwa na namba, zikanunuliwa na watu waliozifungia kabatini. Kwa hiyo kila anayeitaka ya 1997 anaipata, safi, pamoja na sanduku lake. Hicho ndicho kinachoikuta kalamu yako ya katuni: kama wanunuzi wote wa toleo la 1,000 wameziweka bila kuzigusa, basi baada ya miaka kumi sokoni kutakuwa na kalamu 1,000 mpya, na wewe ni mmoja wa wauzaji elfu moja wanaosubiri siku ileile.

Ngazi ya pili ni ile ya kutotumia. Hapa kuna ukweli kidogo, na ukweli huo ndio unaowapoteza watu. Ni kweli kalamu isiyoonja wino huuzwa ghali kuliko ndugu yake iliyotumika. Lakini kuwa ghali kuliko iliyotumika hakuna maana ya kuwa ghali kuliko bei uliyolipa dukani. Ukinunua kwa dola 600, iliyotumika ikauzwa 300 na yako ambayo haijaguswa ikauzwa 420, umempita jirani na bado umepoteza 180. Watu wananitajia ile tofauti ya 120 kana kwamba ni faida.

Isitoshe, sandukuni si mahali ambapo wakati umesimama. Kamembe tuko kando ya ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na unyevu wa ziwa haubishi hodi. Masanduku mengi ya kifahari yamefunikwa ngozi bandia ya poliyurethani. Unyevu huivunjavunja taratibu, ikaanza kunata, kisha ikabanduka vipande. Kalamu zilizopakwa mpira laini ili zishikike vizuri nazo hunata baada ya miaka. Grisi ya pampu hukauka na pistoni ikagoma. Katriji za wino zilizokuja pamoja na kalamu hupungua maji hata zikiwa hazijafunguliwa, kwa kuwa plastiki yake hupitisha mvuke kidogo kidogo. Nimeona nyingi zilizobaki na tope la bluu chini. Kalamu za seluloidi hutoa mvuke wenye asidi, na zikifungiwa mahali pasipo na hewa, mvuke huo hula bangili na klipu za chuma. Kwa hiyo mtu anayeniletea kalamu "mpya" ya miaka kumi na tano ananiletea kazi ya ufundi: kufungua, kuosha, kutia grisi upya. Mnunuzi anayejua kalamu anaijua gharama hiyo na ataikata kwenye bei.

Ngazi ya tatu ni mhusika. "Fundi, nani asiyemjua Mickey?" Wote wanamjua, na hilo haliinui bei. Mickey alionekana katika Steamboat Willie tarehe 18 Novemba 1928, na haki miliki ya filamu ile nchini Marekani ilikwisha tarehe 1 Januari 2024. Alama za biashara za Disney bado zinalindwa, na Mickey wa miaka ya baadaye bado ana mwenyewe, lakini yule wa 1928 sasa anaweza kuchorwa pale na watengenezaji wengi. Mhusika anayeweza kuchorwa na wengi hawezi kukulindia uchache.

Wahusika pia wana vizazi vyao. Tintin wa Hergé alianza mwaka 1929 nchini Ubelgiji, na wazee wa pande zote mbili za mto Rusizi waliosoma Kifaransa utotoni wanamjua kwa majina ya vitabu. Wajukuu wao wanamtaka Luffy wa One Piece. Naruto wa Masashi Kishimoto alianza jaridani mwaka 1999, akaingia kwenye televisheni mwaka 2002, na hadithi ya jaridani ikakamilika 2014. Waliokuwa watoto wakati ule sasa wana mishahara, ndiyo maana hata Montblanc imemweka Naruto kwenye kalamu zake. Unaponunua leo, unanunua wakati hamu ya kizazi hicho iko juu na bei imeshaihesabu hamu hiyo. Anayesema itapanda zaidi anabashiri watoto wa leo watapenda nini wakiwa na miaka thelathini, na ubashiri huo si kazi ya fundi wala ya muuza kalamu.

Tukitoka kwenye ngazi hizo, kuna hesabu ya kawaida ambayo hakuna anayeifanya kabla ya kuja kwangu. Chukua kalamu ya dola 600 iliyoagizwa nje. Ikifika Rwanda, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, yaani dola 108. Tuache kwanza ushuru wa forodha, ambao utaongeza mzigo. Umeshatumia 708. Siku ya kuuza, mnunuzi wa kalamu kama hiyo hayuko soko la Kamembe wala la Kadutu kule Bukavu. Yuko Tokyo, London au Los Angeles. Tuseme wakala anachukua asilimia 10 na kuisafirisha kwa bima ni dola 40. Ili urudishiwe tu zile 708, lazima iuzwe kwa dola 831 hivi, yaani ipande karibu asilimia 39. Hapo hujapata faida hata ya faranga moja, na kushuka kwa thamani ya fedha kwa miaka kumi hatujakugusa. Karani wangu wa Bugarama aliongezea riba ya mkopo juu ya hayo yote. Nilimwambia anunue mbuzi.

Na usisahau kughushi. Namba ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kuiga kwenye kalamu. Anayeweza kuchonga 0456/1000 mara moja anaweza kuichonga mara hamsini, na kalamu za Montblanc ni miongoni mwa zinazoghushiwa zaidi duniani. Mimi sianzi na namba. Naangalia nibu: mpasuko wake umenyooka, alama za dhahabu ni 585 au 750, na ncha kabisa ina kidonge cha madini magumu kilichounganishwa vizuri, maana dhahabu ni laini na peke yake ingesagika kwa karatasi. Naangalia uzi wa kifuniko na jinsi ulimi ulio chini ya nibu ulivyokaa. Kalamu nzuri hujieleza katika sehemu zinazogusa wino. Sehemu zenye picha haziniambii chochote.

Hilo linanipeleka kwenye jambo linaloniuma zaidi katika biashara hii. Katika kalamu nyingi za katuni za bei ya kati, nibu ni ileile iliyo kwenye modeli ya kawaida. Chukua Lamy Safari, iliyotoka mwaka 1980 kwa ajili ya wanafunzi wa miaka 10 hadi 15: hubadilishwa rangi karibu kila mwaka, hupewa matoleo maalumu, na nibu ya chuma ndani yake ni ileile. Ni nibu nzuri, siisemi vibaya. Lakini ukilipa mara tatu kwa ajili ya picha, ujue umenunua picha. Kama picha hiyo inakufurahisha kila unapofungua kifuniko, umenunua vizuri, na hakuna mtu mwenye haki ya kukucheka. Ila umeinunua kwa furaha hiyo, na furaha hiyo haipatikani kwenye kalamu iliyofungwa.

Ushahidi mzuri uko kwa Mickey mwenyewe. Miaka ya 1930 kampuni ya Inkograph ya New York ilitengeneza kalamu za Mickey za watoto. Zilikuwa za bei nafuu na hazikuzaliwa ili kuhifadhiwa. Watoto walizitafuna, walizidondosha, walizipoteza njiani wakienda shule. Chache zilizonusurika ndizo wakusanyaji wanazozitafuta leo. Uadimu wa kalamu hizo uliletwa na watoto walioandika nazo, na hakuna sanduku la ngozi linaloweza kuuleta kwa amri.

Sasa ya kufanya, kwa haraka.

Kama bado hujanunua na unataka kuandika, anza na Safari au Pilot Kakuno, kalamu ya mwaka 2013 iliyochongwa uso wa kutabasamu kwenye nibu. Kwa mtoto inatosha kabisa.

Kama unamtaka mhusika wako, mchukue aliyechongwa au aliyefunikwa na laki. Picha iliyopigwa juu juu hufutwa na jasho la vidole, na dawa ya kutakasa mikono huimaliza kwa wiki chache.

Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: kama nibu inabadilishwa, kama kalamu inafunguka isafishwe, na inajazwaje. Katriji za Lamy, Parker, Pilot, Sailor na Platinum haziingiliani, na huku kwetu kuzipata ni taabu. Hakikisha unapewa pampu ya kuvutia wino wa chupa. Bila pampu, usinunue.

Tumia wino wa kalamu za wino tu. Wino wa muhuri una mafuta au gliserini, wino wa kuchorea wa China una gundi inayoganda ndani ya ulimi, na wa printa haukutengenezwa kwa njia hizo. Kalamu ikiziba, iloweke nibu kwenye maji safi ya vuguvugu usiku kucha, yabadilishe, rudia. Spiriti hapana: hupasua akriliki, hulainisha seluloidi na hufuta picha uliyoilipia. Kiberiti hapana kabisa, seluloidi inashika moto.

Ukisafiri kwenda Huye kupitia Nyungwe, barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo ndani ya kalamu hupanuka na kuusukuma wino nje. Ijaze hadi juu au iache tupu, nibu ikitazama juu. Kwenye ndege ya Kamembe hadi Kigali, fanya hivyohivyo. Ukipanda kutoka Bugarama kuja Kamembe, fungua kifuniko juu ya karatasi, wino usije ukakumwagikia.

Kama unayo tayari na kweli unahitaji fedha, iuze sasa, hamu ya mhusika ikiwa bado ipo, pamoja na sanduku, karatasi na risiti. Piga picha za nibu kwa karibu. Mnunuzi makini ataziomba.

Kama huhitaji fedha, iandikie. Ioshe kila unapobadilisha wino, na mara moja kwa mwezi hata usipobadilisha. Ukishindwa kuifungua, usitumie koleo, niletee.